Siku Leso Ilipopanda Kichwani

Jumamosi iliyopita nilirudi Mutuini, mtaa wetu wa Dagoretti, rafiki yangu, na nikapotea. Mimi niliyezaliwa pale! Palipokuwa na shamba la napia, majani ya ng'ombe wa landilodi wetu, pamesimama ghorofa nne za rangi ya machungwa, na mlango wetu wa mabati uliofungwa kwa kamba sasa ni geti lenye mlinzi. Akaniuliza naenda kwa nani. Nilitaka kusema naenda matangani kwa mama yangu, lakini mama aliyenizaa yu hai, na ndiye aliyekuwa amenielekeza kwa simu asubuhi ile. Nikasema, "Naenda kwa jirani." Mlinzi akafungua. Neno hilo lilinichoma kabla sijavuka geti. Ngoja nikueleze kwa nini.

Nilipozaliwa, mama aliugua akabaki hospitalini wiki sita. Baba alikuwa fundi wa mjengo. Alijua kupima ukuta kwa jicho lakini hakujua lolote kuhusu mtoto wa siku nne. Chumba cha pili aliishi mama mmoja Mwislamu kutoka Mumias, mjane, mwenye binti wa miezi mitatu. Sisi tulikuwa Wakristo kutoka Vihiga, wa kanisa la ngoma na kanzu nyeupe. Hakuuliza. Alisikia kilio ukutani, akaja mlangoni akamwambia baba, "Lete huyo mtoto. Na wewe ukalale, unanuka simiti." Akaninyonyesha pamoja na bintiye, na hata mama aliporudi, niliendelea kwenda kule hadi nilipoota meno.

Katika dini yake, jambo hilo si msaada wa majirani tu. Mtoto uliyemnyonyesha hivyo ni mwanao. Bintiye akawa dada yangu, ambaye siwezi kumwoa kamwe. Naye mwenyewe akawa mama yangu wa maziwa, ambaye hana haja ya kufunika nywele mbele yangu hata nikiota ndevu. Wanaume wengine wote wa ploti, safu yetu ya vyumba vya kupanga, baba yangu pia, hawakuwahi kuona hata uzi wa nywele zake. Mimi nilizijua kama ninavyojua kiganja changu.

Kila Alhamisi jioni alizisuka kwa ajili ya Ijumaa. Alikaa kwenye kibao mlangoni kwa ndani, pazia limeshushwa, leso imelala mabegani. Dada yangu alisuka, na kazi yangu ilikuwa kushika kopo la mafuta ya nazi na kung'oa mvi. Mafuta yalikuwa yameganda kwa baridi ya Dagoretti, kwa hiyo niliyayeyusha kwanza karibu na jiko la makaa, ambapo mboga ya mrenda ilikuwa ikichemka kwa magadi. Nje ng'ombe wa landilodi walilia kwa kuchelewa kukamuliwa. Hadi leo nikisikia harufu ya mafuta ya nazi kwenye lifti mjini, nageuka.

Nilipofika darasa la saba, mwanamke jirani wa chumba cha tano alichungulia akatukuta hivyo. "Mama, huyu si mtoto tena. Funika kichwa!"

"Huyu?" akajibu bila kugeuka. "Huyu alinila nikabaki mifupa. Kama unataka afunikiwe, mfunikie wewe."

Na wakati wa kusukwa ndipo alipotusimulia habari za Bi Halima, mama wa maziwa wa Mtume Muhammad. Jinsi wanawake wa ukoo wake walivyokwenda Makka kutafuta watoto wa kunyonyesha, na kila mmoja akamkwepa yatima yule kwa sababu hakuwa na baba wa kuwalipa. Jinsi Halima, maskini kuliko wote, punda wake amekonda na kifua chake kikavu, alivyoona haya kurudi mikono mitupu, akamchukua. Maziwa yakaja. Punda akawapita punda wote njiani. Na jinsi mtoto alivyonyonya titi moja tu, akamwachia mwana wa Halima lile jingine.

Nilikuwa mtoto wa maswali. Punda alijuaje nani amempanda? Nani aliona mtoto ananyonya upande gani?

"Haya, mwalimu," alikuwa akisema. "Sijui. Ninachojua, wewe ulinyonya yote mawili na bado ukamlilia dada yako. Mlafi wewe!"

Sehemu aliyoipenda zaidi ilikuwa ya mwisho. Miaka mingi baadaye, mtoto yule amekuwa mtu mkubwa mbele ya watu, Halima akaja kumtembelea, mwanamke wa jangwani, mzee, miguu ina vumbi. Mtume akasimama, akasema, "Mama yangu, mama yangu," akavua nguo aliyojitanda, akaitandika chini ili Halima akae. "Hakusema, mpeni kiti," mama wa maziwa alikuwa akimalizia. "Alivua yake."

Kisha nikaenda chuo kikuu. Unajua tulivyo mwaka wa pili: tumesoma vitabu vitatu na tunataka kubomoa dunia kwa hivyo vitatu. Kanisa la baba nilikuwa nimeshalibomoa. Krismasi ile nilirudi nyumbani nikakuta dada yangu anaposwa. Mama wa maziwa aliniita kwake, akanimiminia chai ya tangawizi. Kichwa chake kilikuwa wazi, leso mabegani, kama siku zote.

"Wageni wanakuja Jumapili," akasema. "Mjomba wake anatoka Mumias, yeye ndiye atakayezungumza. Wewe ukae tu kando yake. Nataka waone ana kaka."

Angeniomba nimbebee maji kutoka Uthiru hadi Mutuini, ningebeba. Lakini aliniomba niketi mahali palipoitwa pa kaka, na mimi nikaona nafasi ya kutoa mhadhara. Nikamwambia nampenda dada, lakini sitaki kuigiza kitu nisichokiamini. Maziwa ni maji, mafuta na protini. Yakishapita tumboni yamekwisha, hayatengenezi undugu. Undugu ni damu, tena hata damu yenyewe ina maswali yake. "Tuseme ukweli," nikamwambia, nakumbuka kila neno, "sisi ni majirani. Majirani wazuri sana."

Hakukasirika. Aliweka kikombe chini. "Haya. Nimesikia," akasema. Kisha akashika leso kwa mikono miwili, akaipandisha kutoka mabegani, akafunika kichwa, akaiweka sawa juu ya paji la uso. Akaniuliza kama chai inahitaji sukari.

Nilidhani ni baridi. Amini usiamini, nilimaliza ile chai.

Siku iliyofuata niliingia, leso ikapanda. Ya tatu pia. Siku ya nne nilikuwa nimeketi pale landilodi alipobisha, amekuja kuangalia bomba, na mama alipoenda mlangoni mkono wake ulipita juu ya leso kuhakikisha imekaa vizuri. Ulikuwa mkono uleule na mwendo uleule alionifanyia mimi nilipoingia. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimehamishiwa upande wa landilodi.

Nilimweleza mama mzazi, nikitarajia anitetee. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua macho. "Ati maziwa ni chakula tu? Basi mrudishie. Wewe uliyesoma, yatapike hapa tuone." Jumapili wageni walikuja. Mjomba alikaa peke yake.

Sasa utauliza kwa nini sikuomba msamaha. Nami nimejiuliza. Nadhani nilitaka kuomba msamaha bila kubadili hoja, nami sikupata sentensi inayoweza kubeba vyote viwili. Yeye hakunifungia mlango. Alinipa chai, aliniombea dua nilipopata kazi. Alinitendea kama mtoto wa jirani, vizuri kabisa, jinsi nilivyoomba.

Mwaka jana alikuja ofisini kwangu, mjini, orofa ya tano. Msichana wa mapokezi akanipigia simu: "Kuna mama hapa, anasema ni jirani yenu wa Mutuini." Alikuwa ametoka kununua leso mtaa wa Biashara, akaona aniletee kaimati katika mkebe wa aiskrimu. Viti vyote vilikuwa na wateja. Tuliongea tumesimama, labda dakika tatu. Viatu vyake vina vumbi la njiani, koti langu limening'inia mkononi. Msichana akauliza, "Ni jirani tu, ama ni mtu wenu?" Nilikuwa na jibu mdomoni. Simu ya mezani ikalia nikaishika, na nilipogeuka alikuwa anaaga.

Alifariki alfajiri ya Ijumaa wiki iliyopita. Kwao hawachelewi, saa nane alikuwa ameshazikwa. Dada alinipigia mara nne. Simu yangu ilikuwa kimya, niko mkutanoni.

Kwa hiyo Jumamosi nilipita kati ya zile ghorofa, na nyuma yake nikakuta safu yetu ya vyumba vya mabati bado imesimama, inasubiri kubomolewa. Hakuna napia, hakuna ng'ombe. Mahali pa kibao pana tangi la maji la plastiki. Wanawake walikuwa wanaosha sufuria. Dada yangu alitoka chumbani, leso mabegani, akaniona, na nikaukazia macho mkono wake. Haukupanda.

"Umekuja," akasema.

"Nimechelewa."

"Umechelewa, kaka."

Alitaka kukaa kwenye ngazi ya saruji, iliyokuwa na unyevu. Sikufikiri. Nilivua koti, nikainama, nikalitandika kwenye ngazi. Aliliangalia. Alizikumbuka Alhamisi zile kama mimi.

"Heshima hiyo ilikuwa ya Mama," akasema.

Akaketi kwenye saruji tupu, kando ya koti. Nami nikaketi upande wa pili. Lilibaki katikati yetu, limetandikwa vizuri, hakuna aliyelikalia, mpaka adhana ya alasiri.