Kibao Kilichovaa Gauni

Juzi pale Kariakoo trafiki alimsimamisha dereva wa bodaboda aliyeingia kinyume kwenye mtaa wa njia moja, akachomoa ufunguo wa pikipiki.

"Twende kituoni."

"Afande, kibao cha kukataza kiko wapi?"

Trafiki akaonyesha nguzo iliyojaa magauni ya mitumba. Mama muuzaji akainua gauni moja, alama nyekundu ikachungulia.

"Si hiki hapa? Ungeuliza ningekuonyesha, mwanangu."

Mimi niliyekuwa nimesimama kando nikashindwa kunyamaza. "Afande, mwachie. Kibao kilichovaa gauni kitamkataza nani?"

"Mzee, kaa pembeni." Akamgeukia mama. "Hilo la maua lipo la saizi kubwa?"

Pikipiki ikaenda kituoni. Mama akashusha gauni, akalinyoosha vizuri ili wapita njia walione.