Nafasi ya Nanay Luming

Ulimi wa Nanay Luming, yaani Mama Luming kwa lugha ya kwao, ulikuwa mkali tangu usichana, na miaka yote ya kupasua nazi vilimani kwenye kisiwa cha Samar, Ufilipino, haikumlainisha. Kanisani alikuwa wa kwanza kwa sala, wa kwanza pia kwa ugomvi.

Kwaresima moja mjukuu wake alizaliwa kabla ya siku zake, hukohuko kilimani, kwenye kibanda cha kukaushia nazi. Mtungi ulikuwa mkavu, kijito kilikuwa mbali, na mtoto alikuwa anakata roho. Kwao mtoto haachwi afe hivihivi. Yeyote aliye karibu humbatiza. Luming alipasua dafu, akammiminia utosini. "Isidro, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Isidro alipumua kidogo, kisha basi.

Asubuhi Crisanto, msimamizi wa kanisa la kijiji, aliwazuia kwenye lango la makaburi. Padri alikuwa kisiwa kingine mpaka Pasaka.

"Ulimmiminia nini, Nanay?"

Angeweza kudanganya. "Dafu," akasema.

"Basi hajabatizwa. Kanisa linataka maji matupu. Tumzike nje ya ua."

Nje ya ua nguruwe hufukua. Delfa, mama wa mtoto, aliketi chini. "Kwa hiyo mwanangu hatamwona Mungu?"

"Atamwona!" Luming akafoka. "Crisanto, ulitaka nimwambie mtoto asife kwanza, nakwenda kuchota maji? Mungu alikuwepo pale. Aliniona nikitetemeka. Wewe ulikuwa unakoroma kwako!"

"Sheria sikuzitunga mimi, Nanay."

"Haya, zishike. Pale kando ya marehemu mume wangu, ni nafasi ya nani?"

"Yako."

"Na mimi nimebatizwa?"

"Nani asiyejua?"

"Basi nampa Isidro. Siku yangu ikifika, nizikeni mimi huko kwa nguruwe. Mungu akinitaka, njia ataijua."

Alimpita Crisanto na jembe begani, akaanza kuchimba. Udongo ulikuwa mgumu, naye alilia kwa hasira huku akichimba, bila kujificha. Crisanto aliondoka langoni. Alirudi akaingia akiwa na vipande viwili vya ubao.

"Msalabani niandike nini, Nanay?"

"Andika Isidro," alisema Luming bila kuinua kichwa. "Na chini yake andika: amebatizwa."