Alama Nyekundu kwenye Ukuta wa Sebule

Alama ya X ilichorwa alfajiri kwa rangi nyekundu, kwenye ukuta wa sebule yetu unaotazama njia. Nilipoigusa, ilikuwa bado mbichi. Mume wangu alitoka na mswaki mdomoni, akaitazama kama mtu aliyekuta jina lake kwenye tangazo la msiba, akarudi ndani.

Tulikuwa bado wageni Cheyo. Tuliuza nyumba yetu ya Mbagala, ambako tulizeeka tukisubiri maji ya bomba na kukimbia maji ya mvua, tukapakia vyombo kwenye lori, tukaja Tabora. Mimi ni Mnyamwezi wa Usinge, kwangu ilikuwa kurudi. Kwa mume wangu, Mzaramo aliyekulia pwani, ilikuwa kuhama. Na hatukuwa peke yetu. Wastaafu, walimu, mafundi, kila mwenye kibanda Dar aligundua kwamba akikiuza anaweza kujenga nyumba nzima huku na chenji ikabaki. Upande wetu wa mtaa ukajaa mabati ya rangi na mageti ya chuma. Wenyeji wakauita Dar Ndogo.

Jirani yetu wa nyuma alikuwa mjane wa Kinyamwezi, mwenye shamba la mihogo na karanga lililoanzia palipoishia ua wetu. Siku aliyojua kwamba mume wangu ni Mzaramo, alipiga makofi. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, mababu walipokuwa wakipanda na kushuka na mizigo kati ya huku na pwani. Utani huo una haki zake. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuingia kwako akachukua kitu, na ukikasirika, aibu ni yako. Wiki ile ile mjane aliingia jikoni, akatoka na mbuzi ya nazi ya mume wangu kichwani.

"Huku hakuna minazi, wewe," alimwambia. "Hii ulikuja kukunia nini? Magoti?"

"Rudisha, mchukuzi! Babu yako alimbebea babu yangu meno ya tembo mpaka shingo ikaingia kifuani."

"Nitakulipa matobolwa."

"Viazi vilivyokauka kama ulimi wako? Kaa navyo!"

Mbuzi haikurudi. Mume wangu alimsimulia kila aliyetutembelea, kwa furaha ya mtu aliyepokewa.

Kisha ukaja uchaguzi wa serikali ya mtaa. Mmoja wa wagombea uenyekiti alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye sisi wa Dar Ndogo ndio tulionunua kwake saruji na nondo kuliko wote. Jukwaani alituita "hao ndugu zetu waliofukuzwa na joto."

"Wanauza chumba na choo huko kwao," alisema, "wanakuja kununua shamba la urithi wako. Kijana wako atajenga wapi? Juu ya mti?"

Watu walishangilia. Nilisimama pembeni na kapu langu la sokoni, na niseme ukweli, sikuona alipodanganya. Bei ya viwanja ilikuwa imepanda. Mtoto wa mjane, kijana mwenye mke na watoto, alikuwa bado amepanga vyumba viwili huku akingoja kujenga kwenye shamba la mama yake, kwa sababu kwingine kote kulikuwa kumemshinda.

Ahadi kubwa ya mgombea ilikuwa barabara. Mtaa wetu haukuwa na njia ya gari. Mgonjwa alibebwa mpaka barabara kuu au akapakatwa kwenye bodaboda. Barabara ingeweza kupita sehemu mbili: kukata sebule na baraza yetu, au kupasua shamba la mjane katikati. Mtaa haukuwa na fedha za fidia. Atakayeguswa angebomoa au kung'oa mwenyewe. Mkutano wa wananchi ungeamua. Mgombea hakusubiri mkutano. Vijana wake walipita na kopo la rangi.

Mwenyekiti aliyekuwa anatetea kiti chake alikuja kwetu jioni, akanywa chai, akatuambia tusiwe na wasiwasi, kura zetu tu. Hadharani hakusema neno.

Siku zilizofuata salamu zilipungua. Muuza mkaa aliacha kunipunguzia. Nilipomuuliza, alisema, "Nyie si watu wa Dar? Mna hela." Bodaboda walipopita kwenye ukuta wetu walipiga honi. Usiku mume wangu alisikiliza kila mlio. Akiba yetu yote ilikuwa ndani ya kuta zile. Hatukuwa na Mbagala ya kurudi.

Na mjane hakuja. Nilimwona ng'ambo ya ua akipalilia karanga mahali pale pale ambapo barabara ingepita endapo isingepita kwetu. Nilimsalimia kwa Kinyamwezi, "Wangaluka." Aliitika bila kuinua kichwa.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Mtendaji wa mtaa alieleza njia zote mbili kwa fimbo, akichora vumbini. Akauliza kama wanaoguswa wana la kusema. Mume wangu akasimama. Nilijua alikuwa ameandaa maneno mazuri kuhusu ujirani, kwa sababu nilimsikia akiyajaribu bafuni. Lakini macho yake yalikutana na ya mjane aliyekaa kwenye kanga yake safu ya mbele, na akafanya alichozoea kufanya akimwona.

"Mtani," alisema, "shamba lenyewe lile ni choo cha kunguru. Litoe tu gari zipite. Karanga zako utazipanda kichwani, si kimeshazoea mizigo?"

Kwenye baraza yetu angecheka mpaka alie. Pale hakucheka mtu. Nilisikia kanga zikivutwa vizuri mabegani. Mume wangu alibaki na tabasamu usoni kama mtu aliyeshika chombo asijue akiweke wapi.

Mgombea alikuwa ameshasimama. "Mmesikia kwa masikio yenu? Shamba la mjane ni choo! Mmemsikia mtu wa Dar?"

"Mtoe!" mtu akapaza sauti nyuma. Wengine wakainuka. Mtoto wa mjane alikuja mbele, ngumi zimekazwa, akasimama karibu na mume wangu kiasi cha kusikia pumzi yake. Mtendaji aligonga fimbo chini, hakuna aliyemsikia.

Mjane aliinuka taratibu, akajipangusa vumbi.

"Kaa chini," alimwambia mwanawe. Kisha akamgeukia mgombea. "Na wewe, nani kakuita? Huyu ni mtani wangu. Akinitukana, katukana kwao. Wewe ni mtani wangu? Ulikuja kwenye msiba wa mume wangu ukachota maji, kama walivyofanya watani?"

Mgombea alifungua mdomo.

"Nimekuuliza. Ulichota?"

"Hapana, mama."

"Basi keti."

Kicheko kilipita uwanjani, kifupi, cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Mtoto wa mjane alirudi nyuma. Niliona mabega ya mume wangu yakishuka, na yangu nadhani yalishuka pia. Nikawaza: tumepona.

Mtendaji akaita kura. Wanaotaka barabara ipite shambani. Mikono ya Dar Ndogo ikainuka, na mingine michache. Wanaotaka ipite kwenye nyumba. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa mjane. Aliunyoosha wote, mpaka bangili zikashuka kwenye kiwiko, na alikuwa akimtazama mume wangu usoni. Nyuma yake uwanja mzima ukafuata.

Tulirudi nyumbani. Mume wangu alikaa sebuleni, chini ya ukuta wenye alama upande wa pili, mpaka giza lilipoingia. "Amenitetea," alisema mwishowe. Nilikuwa nimeona mkono ule kama yeye.

Tulibomoa wenyewe, na fundi mmoja, ili tuokoe matofali. Asubuhi ile mjane aliingia uani na fagio, akifuatwa na mwanawe, kama watani wanavyokuja msibani kufanya kazi na kuwacheka waliofiwa. Alifagia vifusi. Alimwambia fundi anabomoa kama anapapasa mchumba. Mume wangu alibeba matofali na hakumtazama hata mara moja. Kisha mjane akausimamisha mlango wetu wa mbele, wa mninga, tuliokuja nao kwenye lori kutoka Mbagala.

"Huu wangu," alisema.

Fundi aliacha nyundo. Mtoto wa mjane aliangalia chini. Mume wangu aliweka tofali, akanyooka, akamtazama mama yule, na mimi sikujua kama kinachokuja ni tusi la kweli.

"Chukua na bawaba zake," alisema. "Au utaufunga kwa mate?"

Hakucheka. Mjane naye hakucheka. Aliziokota bawaba, akazifunga kwenye kona ya kanga.

Sasa magari yanapita palipokuwa sebule yetu. Mlango uko kwenye nyumba ya mtoto wake, katikati ya shamba. Kila nikienda sokoni nauona. Mume wangu akipita huko husimama, huugonga, na akiitikiwa husema amekuja kuulizia mbuzi yake ya nazi.