Pikipiki Isiyo na Siti ya Nyuma

Enzi za ruksa, sabuni iliporudi madukani na marobota ya mitumba yakaanza kupanda kutoka Mombo, mimi sikuwa na kazi. Shirika nililokuwa karani wake lilikuwa limefungwa. Nilizurura sokoni Lushoto, na siku moja, kwenye lundo la vikorokoro vya mitumba, nikaona boksi lililobonyea. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki vya kuunga pikipiki ya jeshi, ndogo ya kukaa kiganjani.

"Hilo la watoto wa Kizungu, bwana," muuzaji alisema. "Una mtoto?"

"Nina kaka."

Akacheka mpaka akaegemea meza.

Kaka yangu alikuwa ameendesha pikipiki vitani Uganda, akipeleka ujumbe. Alirudi mzima wa mwili, ila maneno aliyaacha huko. Alilima kabichi zake, akala, akalala. Kabla ya vita yeye ndiye aliyekuwa akituchekesha nyumbani, nami nilitaka hicho tu, aongee nami tena. Kumwuliza sikuweza. Kwetu mdogo hachokonoi kidonda cha mkubwa. Husubiri mkubwa aanze mwenyewe. Nilisubiri miaka mpaka kusubiri kwenyewe kukanichosha.

Nikajiambia, nitaivua pikipiki hii ujeshi, iwe ya raia, ya mkulima anayeleta mboga sokoni kutoka Rangwi. Akiiona ataelewa kuwa vita vimekwisha.

Nilikata mahali pa kubebea bunduki kwa wembe. Taa ya mbele ilikuwa na kifuniko cha kuficha mwanga; nikakibandua. Mikoba ya risasi nikaitupa. Siti ya nyuma nayo niling'oa, nikaweka keria ya waya, na juu yake tenga nililosuka kwa nyuzi za mgomba. Gundi ya kwenye boksi ilikuwa imekauka, nikaomba ya fundi viatu, ambayo ilikula plastiki kidogo na kuipinda madigadi. Rangi ya kijani niliikwangua, nikapaka nyekundu ya kucha za mke wangu.

"Mume wangu," alisema, "pikipiki yako inakwenda harusini, mimi nabaki na kucha kama za kuku!"

Mabaki yote nilimpa, akawashia moto.

Asubuhi nilimkuta kaka mlangoni kwake akinoa jembe.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Nikamwekea pikipiki juu ya goti. Aliigeuza. Akazungusha gurudumu kwa kidole, akagusa tangi, akafika nyuma akasimama.

"Siti iko wapi?"

"Nimeitoa, kaka. Nimeweka keria, ya kabichi."

"Umeiweka wapi?"

"Tumeichoma."

Akasema kwa Kishambaa, polepole, kama mtu anayevuka mto asioujua. "Nilimbeba mwenzangu hapa. Alikuwa ameumia. Nilimfunga kwangu kwa mkanda ili asianguke, nikawa namchekesha njia nzima asije akalala. Nilipofika wakaniambia nilikuwa naongea peke yangu."

Nilikuwa nimesubiri maneno hayo miaka yote, na yalipokuja sikujua pa kuyaweka. Nikakimbilia kazi ya mikono. "Usijali kaka, nitatengeneza siti nyingine. Kuna ndala kuukuu nyumbani, nitakata mpira wake. Gundi ya fundi viatu ni kali, itashika."

Alinitazama. Leo naamini alikuwa na la kuendelea kusema.

"Haya," akasema, akanirudishia pikipiki, akachukua jembe lake na kushuka shambani.

Siti niliikata kweli kutoka kwenye ile ndala, lakini keria ilikuwa imezama ndani ya madigadi. Nilipoivuta, madigadi nayo ikaanza kupasuka, nikaacha. Nilimpelekea kaka pikipiki ikiwa hivyo hivyo, siti nikiwa nimeishika kando. Akaviweka vyote viwili dirishani, akasema asante. Tuliishi jirani miaka mingi baada ya hapo, tukisaidiana kuvuna, na habari ile hakuirudia. Nami, mdogo, nilirudi kusubiri aanze yeye. Sikuwahi kumwambia kwamba alikwisha kuanza siku ile, nami nikamkatiza kwa habari za gundi.