Usinianike Barabarani

Watu walimwita Taratibu, na jina lilimkaa. Alikuwa dereva wa gari la kubebea maiti, na katika umri wake wote wa kazi hiyo hakuna aliyemwona akikanyaga mafuta kwa pupa. Wenye haraka zao walimpigia honi, wakampita, wakamrushia maneno. Yeye hata shingo hakugeuza. "Abiria wangu hana anakochelewa," alikuwa akisema. Wasiomjua walidhani anawafanyia mzaha marehemu, kumbe mzaha na kazi ile hakuwa nao.

Kitu kimoja tu kilimkosesha raha: gari kuchemsha njiani. Kati ya hospitali na makaburi kulikuwa na mlima mrefu wa kona kona, unaojua kuumbua magari. Lori la mchanga likichemsha pale, dereva atatukana kidogo, atakaa kivulini, atangoja. Gari la maiti likichemsha, unawafanya wafiwa wafiwe mara ya pili.

Basi kila asubuhi, injini ikiwa baridi, alifunua boneti akatazama rejeta. Wapo wanaomimina humo maji ya bomba na kusema maji ni maji, na hao aliwashukia bila huruma. "Chungulia ndani ya birika lako la chai," aliwaambia. "Ule ukoko umetoka wapi? Basi na injini yako unainywesha hayo hayo." Yeye alitumia kulanti, ile dawa ya kupoza injini na kuikinga na kutu, tena ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari lenyewe, akaichanganya nusu kwa nusu na maji yaliyoondolewa chumvi. Rangi hakuiamini. Rangi, alisema, mwenye kiwanda anatia apendavyo. Cha kuuliza dukani ni aina.

Mkewe, fundi cherehani, alimcheka. "Ungenikagua mimi kila asubuhi kama unavyoikagua hiyo rejeta, mume wangu, nisingezeeka." Lakini ndiye huyo huyo aliyelitunza galoni la akiba juu ya kabati, mbali na wajukuu, kwa kuwa kulanti ni sumu na ladha yake ni tamu. Alilifunga shingoni kipande cha kitambaa chekundu, mabaki ya gauni la mteja, mtu asije akadhani ni sharubati.

Siku moja mke alirudi kutoka sokoni. Pale mlimani alikuwa amekuta gari la maiti la watu wengine limechemsha. Jeneza limeshushwa pembeni, jua linaliwakia, wapita njia wamesimama kushangaa, na muuza karanga anapenya katikati ya wafiwa akinadi. Alikaa kwenye kiti cha cherehani bila kuvua viatu.

"Ikifika zamu yangu," alimwambia mumewe, "usinianike barabarani namna ile."

"Maneno gani hayo?"

"Niahidi."

Akaahidi, kwa kutaka tu mazungumzo yaishe.

Zamu ilikuja mapema kuliko walivyodhani. Mkewe alipolazwa, Taratibu alihamia kwenye benchi la wodini, na gari akamwachia shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa lori la mchanga. Huyu alikuwa mtu wa moyo mweupe, asiyeweza kuona kitu kimepungua asikijaze. Mgonjwa hakupona.

Asubuhi ya maziko nyumba ilijaa watu. Taratibu alikatazwa kushika kazi yoyote. Akae, apokee pole, shemeji ndiye ataendesha. Alikaa kidogo. Kisha akainuka na shati lake jeupe, akatoka uani, akafunua boneti. Hata mwenyewe hakujua kama alikuwa akikagua gari au alikuwa akikimbia zile pole. Alipofungua kifuniko cha rejeta na kutia kidole, kidole kilitoka na tope la kahawia, zito kama uji uliolala.

"Shemeji," aliita. "Uliongeza nini humu?"

"Niliona imepungua, nikakujazia kulanti. Ile yangu ya kwenye lori, ya kijani. Nzuri sana ile, si ya kubabaisha." Alisema kwa fahari kidogo, halafu akakiona kidole. "Kwani nimeharibu?"

Hasira ilimpanda Taratibu mpaka kooni, tusifichane. Kulanti za aina mbili zisizopatana zilikuwa zimekutana zikaganda, na lile tope lingeziba njia za maji kabla ya nusu ya mlima. Lakini aliyesimama mbele yake alikuwa amefiwa na dada, macho yamemvimba, mikono haijui pa kukaa. Hasira ile akaimeza.

"Lete ndoo," alisema.

Mama mkwe alitoka akiwa ameshikwa mkono. "Mwanangu, watu wamesimama, na wewe unaingia chini ya gari? Si ipo pikapu ya jirani?"

"Mama, hiyo pikapu sijui ndani yake kukoje. Nilimwahidi binti yako sitamwanika njiani. Nakuomba univumilie."

Kuna waliong'aka, na shangazi mmoja alisema wazi kwamba mume mwenye uchungu hashiki spana. Bibi yule alimtazama mkwewe, kisha akaomba kiti kiwekwe karibu na jeneza. "Basi tukae naye kidogo," alisema.

Shemeji alilala chini akafungua koki ya rejeta. Binti wa marehemu akateka maji. Wakamwaga, wakajaza, wakawasha injini, wakazima, wakangoja ipoe, wakamwaga tena. Mwanzoni ilitoka rojorojo, baadaye maji ya kahawia, baadaye kama chai hafifu. Shemeji alikuwa akilia chini ya gari, na Taratibu akajifanya hasikii. Maji yalipotoka meupe kabisa, shati la Taratibu lilikuwa la kufua.

Binti alileta galoni la juu ya kabati. Fundo la kile kitambaa lilikuwa la fundi cherehani, limekazwa likakazika. Taratibu alihangaika nalo, likamshinda, akamimina hivyo hivyo, kitambaa kikiwa shingoni.

"Nitaendesha mimi," alisema, na hakuna aliyembishia.

Mlima waliupanda kwa gia ndogo. Shemeji, ubavuni pake, hakuangalia njia hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye mshale wa joto. Mshale ulipanda, ukafika katikati, ukakaa hapo. Walipita ile kona ya muuza karanga, wakaipita na ya mwisho.

Makaburini watu walikuja wakafungua mlango wa nyuma. Desturi ya Taratibu ilikuwa kuzima injini kabla mtu hajagusa jeneza. Wakangoja. Injini iliendelea kunguruma, na yeye alikuwa ameshika ufunguo.

"Zima, shemeji," kaka wa marehemu alimwambia kwa upole. "Tumeshafika."

"Najua."

"Sasa?"

"Nikizima, nitakuwa nimemfikisha."

Shemeji alitoa mkono dirishani, akawapungia watu wa nyuma wangoje, na wawili hao wakakaa pale wakiusikiliza mngurumo, mshale ukiwa katikati.