Mama Pindo na Mwalimu Wake

Mama Pindo, fundi cherehani, aliacha shule kidato cha pili baba yake alipofariki. Kwa miaka ishirini na sita alishona sare za watoto wa watu. Jina alibandikwa na wateja, maana pindo lake halikuwahi kufumuka. Mumewe alikuwa mwalimu wa baiolojia, na kila mwaka alimwambia ajiandikishe kufanya mtihani wa kidato cha nne. Naye kila mwaka alimjibu kwamba sare hazijishoni zenyewe.

Kisha kiharusi kikamwangusha mwalimu mbele ya ubao. Alirudi nyumbani amepooza upande wa kulia, ulimi mzito. Wanafunzi walikuja kumjulia hali wiki mbili tatu, wakapungua, mwisho wakakatika. Mwalimu akageukia ukuta. Ukimsemesha anafumba macho, ukimpa uji anakunywa vijiko viwili, basi.

Asubuhi moja, kwa kukosa la kufanya, mkewe alichukua kitabu cha baiolojia cha mumewe rafuni akamsomea kwa sauti. Macho yakateleza mstari, akasema moyo wa binadamu una vyumba vitatu.

"Vi-nne," ikatoka sauti kitandani.

Lilikuwa neno la kwanza baada ya siku kumi na moja.

Tangu hapo Mama Pindo akahamishia cherehani chumbani, akawa anasoma huku anashona, na kukosea anakosea kwa makusudi. Mwalimu si mtu wa kuchezewa. Baada ya wiki akamkazia macho.

"Unani-danganya."

"Nakudanganya, ndiyo. Si unisahihishe?"

"Basi... ji-andikishe."

Akajiandikisha. Wifi yake, dada wa mwalimu, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wifi, utakaa na watoto uliowashonea sare?"

"Nitakaa. Nitapata kuona kama kaptula zimewatosha."

Miezi minane walisoma hivyo: figo, mizizi, damu. Mkewe akijibu sawasawa, mwalimu alinyanyua kidole cha kushoto. Akikosea, alihema kwa hasira, na hasira ile ilimfurahisha mkewe kuliko sifa.

Mwalimu alifariki Jumapili, akazikwa Jumanne. Karatasi ya baiolojia ilikuwa Alhamisi. Wakwe walinong'ona, lakini Mama Pindo alijikaza, akavaa nguo zake za msiba akaenda. Swali la kwanza lilihusu figo. Jibu alilijua neno kwa neno, ila kwa sauti ya mumewe, ile ya kukatikakatika, na mkono ukagoma kuandika. Msimamizi, kijana mpole, akainama.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Niache kidogo."

Robo saa ikapita. Kisha akaandika mpaka kengele.

Matokeo yalipotoka, baiolojia alifaulu vizuri, Kiswahili na historia akapita, hesabu ikamwangusha chali. Wifi aliisoma karatasi ya matokeo, akaigeuza nyuma, akairudisha.

"Sasa wifi, kwa umri huu, imekusaidia nini?"

Mama Pindo aliikunja ile karatasi.

"Miezi minane alizungumza nami," akasema. "Isingekuwa kitabu kile, angekufa anatazama ukuta."

Mama Pindo akakaa ukingoni mwa kitanda, na kwa mara ya kwanza tangu maziko akalia kwa sauti. Mteja alibisha hodi nje. Wifi akaenda kumwambia kwamba leo fundi hapokei kazi, akarudi, akaketi kando yake.