Njo miye nilimuambia Clémentine asafishe vitre mu nyumba ya kilio

Bandugu na bakubwa ba hapa, yambo yenu bote.

Miye ni nkambo ya bajukuu saba. Masomo niliachia primaire ya tatu, mutanivumilia kwa kuandika. Lakini majina ya bantu hainipoteaka. Ile nitasema hapa ni kweli, hata pale inanihukumu miye mwenyewe.

Ile siku ya kilio, ya matanga, kule Makomeno, nibaambie kwanza nani na nani alikuwa pale.

Maman Odile, mwenye nyumba. Mama yake njo alikufa.

Papa Gaspard, kaka yake Odile, mwenye iko na immeuble ya magorofa mu ville, mujini.

Ma Félicité, ndugu mudogo ya marehemu, alitoka Pweto ile asubui, bilamba ingali inanuka samaki ya kukauka.

Clémentine, mutoto wangu wa tatu.

Donatien, baba ya batoto bane, mwenye kumushikilia échelle, ile ngazi yake ya kazi.

Na miye, pa mukeka ya bamama, karibu na mulango.

Bengine balikuwa bengi, lakini hii habari iko ya hawa sita. Na marehemu, Nkambo Suzanne. Alikuwa mwenzangu. Kwetu siye bote ni Pweto.

Sasa nianzie ku mwanzo.

Clémentine alikuwa secrétaire mu bureau, ofisi moja mu ville, miaka kenda. Siku moja patron alimuambia atafute muntu wa kusafisha vitre, bioo ya madirisha, vumbi ya saison sèche, wakati ya kukosa mvua, ilizidi, ndani ilikuwa giza. Alitafuta ville muzima. Bantu ba kufagia beko, bantu ba kufua beko. Muntu mwenye kusema "kazi yangu ni vitre" hakumupata.

Njo akili ikamuingia. Alikuya kwangu mbele ya kumuambia bwana yake. "Mama, nikiacha bureau nifungule kazi ya ma-vitre, unaona je?"

Nisikilizeni hapa bandugu, juu ugonjwa yangu ilianzia hapa. Mutoto mwenye diplome, ananiuliza miye wa primaire ya tatu. Nilisikia utamu. Nilimuambia acha bureau.

Bwana yake Anselme, muntu wa Kasai, kichwa yake iko muzuri, alikasirika. "Bantu banakufa juu ya kupata kiti, weye unaacha kiti unapanda échelle?"

Bajirani nabo balichekelea. Akipita na bidon ya maji na raclette, ile kipanguso ya mpira: "Directrice ya ma-vitre! Leo bureau yako iko gorofa ya ngapi?" Yee anajibu: "Iko juu, weye huwezi kufika." Alikuwa anacheka kweli ile wakati.

Na kazi aliijua. Kwetu hapa kila dirisha iko na antivol, ile bichuma ya kuzuia bezi. Mukono haipite muzuri. Yee alikata raclette moja ikakuwa fupi, anaipitisha kati ya chuma na chuma, vitre inabaki kama hakuna vitre.

Njo namna alipata nyumba ya Maman Odile. Nyumba kubwa, vitre mbele yote, kila juma anaisafisha siku ya ine. Na Papa Gaspard alimuahidi: dada yangu akifurahi mpaka mwisho ya mwaka, ninakupa immeuble yangu muzima usafishe. Clémentine alikuwa akihesabia ile immeuble tu. Bakiliya bengine, bantu ba kumupa kazi, balikuwa badogo-badogo, leo beko, kesho habako. Bila ile immeuble, kazi haikuwa na miguu.

Mu ile nyumba Nkambo Suzanne alikuwa anakaa siku nzima nyuma ya vitre kubwa ya salon. Miguu ilikuwa imekataa. Anaegemeza paji ya uso pa vitre, anaangalia parcelle, uwanja ya nyumba. Batoto bakigusa maembe yake, anagonga vitre na vidole: ko ko ko. Nikienda kumuona tulikuwa tunasema Kiluba mpaka tunachoka.

Alikufa siku ya pili ya juma. Kuzika ilikuwa siku ya tano.

Siku ya tatu magaribi Clémentine alinipigia telephone. "Mama, kesho ni siku yangu kule kwa Odile. Kuko kilio. Niende ao niache? Nikiacha, bataona sijali contrat. Nikienda, sijui desturi."

Desturi ninaijua. Kwetu, muntu akikufa, habafagie nyumba mpaka bamuzike. Bibi yangu Kabedi alinifundisha. Lakini nilifanya akili. Nilimuambia: "Banakatazaka fagio. Vitre haiko fagio. Hata bankambo habakusema kintu juu ya vitre. Enda, bantu bengi batakuya, nyumba ionekane."

Nilisema vile upesi-upesi, kama muntu mwenye kujua. Kwa kweli bankambo habakusema kintu kwa sababu kule Pweto nyumba zabo hazikuwa na vitre. Ni ile tu.

Siku ya ine nilifika kilioni mbele yake. Yee na Donatien baliingia na mulango ya nyuma, bila kelele, yee na kanga nyeusi ku kichwa. Bamama balikuwa banaimba. Nilimuona akisafisha, nikasikia furaha. Aibu yangu, bandugu, nilisikia furaha.

Alipofika ku ile vitre kubwa, Donatien alimuambia: "Madame, hapa kuko alama." Ilikuwa mafuta ya paji ya uso ya Suzanne, na vidole yake, imepangana. Clémentine alisimama kidogo. Halafu akapitisha raclette.

Ma Félicité alikuwa ameingia salon kutafuta pahali dada yake alikuwa anakaa. Alitoka akipiga makelele, mikono ku kichwa.

"Nani amemupanguza dada yangu? Iko wapi vidole yake? Mumemutoa mu nyumba mbele ya sanduku kutoka!"

Nyimbo ikakatika.

Pale pale nilielewa kile bibi Kabedi alikuwa anakataza. Haikuwa fagio. Ilikuwa kufuta muntu angali hajaenda. Niliishi miaka yote na ile desturi mu kinywa, maana yake sikuijua.

Papa Gaspard aliita Clémentine katikati ya bantu. Mutoto wangu akapiga magoti mu vumbi, raclette ingali mu mukono.

"Nani alikutuma? Dada yangu Odile njo alikutuma?"

"Hapana, papa."

"Basi nani?"

Clémentine akainua macho. Yakapita pa mukeka ya bamama, yakapita juu yangu, hayakusimama. Akasema: "Hakuna muntu. Ni ujinga yangu miye mwenyewe."

Maman Odile alikuwa analia, akasema tu: "Muache aende, lakini asifike ku kaburi." Ma Félicité akatema mate chini. Donatien akabeba échelle, bakatoka.

Na miye nilikuwa pa mukeka. Mwanamuke mumoja ubavuni mwangu akauliza: "Ule mutoto iko wa nani? Hakufundishwa kwabo?"

Kisha Papa Gaspard alipatia immeuble bantu bengine. Ile habari ilizunguka ville, masoko na bilio zote: ule mwanamuke anapanguzaka bafu, bantu bamekufa. Bakiliya bakaisha mumoja-mumoja. Donatien alienda kutafuta kazi ku mine, ku mugodi. Ku bureau, kiti ya Clémentine iko na mwengine.

Sasa anakaa tu mu nyumba. Siku ya mungu Clémentine anakuya kwangu, ananipikia bukari, ugali yetu, ananiosha miguu. Hajanikumbusha hata siku moja. Kuuliza, haniulizake tena kintu.

Nilienda mara mbili mpaka pa mulango ya Maman Odile niseme ukweli. Mara mbili nilirudi. Ninaogopa nini kwa hii miaka yangu, sijui.

Fundisho iko moja: muzee, ukiulizwa na mutoto na haujui, sema haujui. Ule utamu ya kuulizwa utamulipisha yee.

Semeni na ninyi, hata munitukane.

Na kama mumoja wenu alikuwa pale Makomeno, anirekebishe. Labda nimekosea jina, ao siku, ao nani alisimama wapi. Na kama ile siku ulisikia sauti ya mwanamuke muzee pa mukeka akisema "ni miye nilimutuma", hata polepole, uniandikie. Nimetafuta mu kichwa yangu, siisikie.